Turubai Mlangoni kwa Keraryo

Wiki tatu! Wiki tatu nzima Keraryo alikuwa anachagua kava la bajaji, na mkewe Marieta akawaambia majirani pale Bweri, Musoma, kwamba yeye mwenyewe hakuchaguliwa hivyo. "Mimi aliniona Jumapili kwenye kwaya, Jumatano wazee wameshafika kwa baba," alisema. "Hata hakuuliza kama najua kusonga ugali. Bajaji sasa! Bajaji inapimwa mpaka mabega."

Na kweli ilipimwa. Keraryo alikuwa na kamba ya katani yenye mafundo matatu, moja la urefu, moja la upana, moja la kimo, na kamba hiyo haikukosa mfukoni. Popote alipoona kitu kinachoweza kufunika kitu kingine, alisimama akapima. Alipima pazia la hoteli moja pale mtaa wa Mukendo, mjini, mpaka mhudumu akamwuliza kama anataka chai au anataka matatizo.

Tusimcheke sana lakini. Nyumba ilikuwa mpya, haijapata fensi wala banda, kwa hiyo bajaji ililala nje. Jua la Musoma linapasua viti. Upepo wa ziwani unaleta mvua ya ubavuni, na siku nyingine unaleta wale wadudu wadogo wanaokuja kwa maelfu na kufia kwenye kioo. Kuku wa jirani yao Susana naye alishaamua kwamba kiti cha nyuma kinafaa kutagia. Abiria wa kwanza akikalia yai, siku hiyo imeshaharibika.

Hayo yote yalikuwa madogo. Kubwa lilikuwa Butiama, na jina lake Mugeta.

Mugeta ni kaka yake Keraryo, amemzidi miaka kumi na miwili, na tangu baba yao afariki ndiye mwenye boma. Mwaka jana Keraryo aliuza ng'ombe wake sita, wa kwake halali, akanunua bajaji. Mugeta hakumkataza. Alisema tu, mbele ya ndugu waliokuwa wamekaa uani, "Ng'ombe ukimlaza nje, asubuhi anaamka anakupa maziwa. Hilo dude ukililaza nje linakuozea. Mwaka halifiki."

Si angenyamaza Keraryo! Thubutu. "Likifika mwaka nitakuja nalo hapa likiwa jipya," akajibu, "na siku hiyo shikamoo utanipa wewe."

Watu wote walitazama chini. Mtu hamwambii hivyo kaka aliyemlea, hata kwa utani, na Keraryo hakuwa anatania. Mugeta alinyanyua kigoda chake akaingia ndani. Tangu hapo hakuna simu, hakuna salamu za kupitia mtu. Krismasi ikapita. Ubatizo wa mtoto wao Gati ukapita, na kiti cha baba mkubwa kikabaki wazi. Mugeta alitangaza kwamba namba ya huyo bwana ameshaifuta. Keraryo aliposikia alisema "vizuri tu," kisha akaenda kukaa ndani ya bajaji peke yake mpaka Marieta alipomwita kula.

Sasa mwaka ulibakiza wiki tano. Ile shikamoo Keraryo hakuitaka tena. Akiikumbuka tu masikio yalimpata moto. Alichotaka ni njia ya kurudi nyumbani. Lakini alikuwa mtu wa kiburi, na mwenye kiburi hawezi kwenda kuomba msamaha mikono mitupu. Angeenda na bajaji isiyo na ufa hata mmoja kitini, aseme, kaka, nimeitunza ulivyonifundisha kutunza ng'ombe. Na mvua za masika ndizo hizo zilikuwa zinakaribia. Bila kava, safari hakuna.

Alianzia Mukendo, kwenye duka la Prosper, muuza vipuri. Prosper alikuwa na makava yaliyoshonwa tayari, ya rangi ya fedha, yenye mpira chini, mepesi kabisa. Keraryo alipenda ule mng'ao. Kisha akatoa chupa ya maji aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akaimimina juu ya kava palepale kaunta.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Najaribu."

"Unajaribu dukani kwangu?"

"Mvua itajaribia wapi? Ona, imepita." Ilikuwa imepita kweli, ikalowesha daftari la Prosper. Keraryo akatoka kabla hajatolewa.

Akahamia kwenye yale maturubai ya bluu ya nailoni, yanayouzwa kila kona. Gody, rafiki yake dereva wa lori la dagaa, akamkatisha tamaa. "Hayo jua linakulaga miezi mitatu tu, yanabaki nyuzi. Tena yanafungia joto na unyevu ndani, chuma kinapata kutu. Twende Bunda. Kuna mtu anaitwa Shija, anauza maturubai ya lori yaliyotumika. Hayo ndiyo nguo."

Wakaenda Bunda na lori. Walipopita njia panda ya Butiama, Keraryo aligeuza shingo akatazama upande wa pili wa barabara, akasifia mashamba ya watu ambayo hayakuwa na chochote. Gody alimwona, akaongeza sauti ya redio.

Shija alikuwa na turubai moja la kijani, zito, kitambaa chenyewe cha zamani kisichopatikana siku hizi. Keraryo alimwaga maji, maji yakakaa juu yakimtazama. Alilivuta, alilinusa, alilipima kwa kamba. Lilikuwa kubwa mno, lingevisha bajaji nne, lakini Shija hakuuza vipande. "Utakata mwenyewe," alisema. "Ila usikate kabla ya kulikagua. Lifunge juu kwenye nguzo, jua likiwa kali, ukae chini yake utazame. Kila tundu utaliona lina nyota yake. Na liache nusu siku, mikunjo iachie."

Ushauri mzuri, hauna kosa hata moja. Tatizo ni kwamba Shija aliutoa Bunda, sokoni, ambako turubai ni bidhaa. Mtaani turubai lina maana yake.

Jumamosi asubuhi Keraryo alisimika nguzo nne mbele ya mlango, akalifunga turubai likanyooka vizuri. Alikaa chini yake akatazama juu, akahesabu matundu mawili tu, akafurahi mno. Ikabaki kupata vile vipete vya chuma vya kupitishia kamba. Akawasha bajaji akaenda Mukendo.

Marieta naye akaona, kivuli hiki kizuri kinapotea bure. Alikuwa anataka kupiga deki nyumba nzima siku nyingi. Akatoa viti vyote akavipanga chini ya turubai. Akatoa magodoro mawili akayalaza pale yapigwe na upepo. Kisha akamfunga Gati mgongoni, akachukua ndoo, akaenda bombani.

Jamani. Turubai mlangoni, viti nje, magodoro chini, mlango wazi, mwenye nyumba haonekani. Wewe ungefikiri nini?

Susana ndiye aliyeona kwanza. Hakuuliza mtu. Huku kwetu msibani hauulizi. Unaingia, unalia, habari utaipata ukishakaa. Alifunga khanga kiunoni akapiga simu kwa mama Flora, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, na mama Flora akapiga kwa wengine wote. Marieta aliporudi na ndoo kichwani, alikuta kwake kumejaa wanawake wanaolia, kuni zimeshushwa, unga umefika, na wimbo wa Bikira Maria uko ubeti wa pili.

Marieta alimfikiria mtu mmoja tu, yule aliyeondoka asubuhi na bajaji. Ndoo ikamdondoka. Aliangua kilio ambacho mtaa wote ulikisikia, na wale wanawake walipomwona analia hivyo, na mtoto yuko mgongoni mzima, wakajua sasa ni nani aliyefariki. Wakazidisha. Susana, aliyezaliwa Butiama, alijitenga kando akapiga simu kwao. "Mwambieni Mugeta," alisema huku akipenga kamasi. "Kwa mdogo wake kuna turubai."

Keraryo alirudi saa sita akiwa na vipete vyake mfukoni, anapiga mluzi. Kwenye kona aliliona turubai lake. Chini yake kulikuwa na umati.

Mluzi ulikatika. Alijua vizuri kwamba turubai amelifunga yeye, kwa mikono yake, kwa ajili ya matundu. Ilimsaidia nini? Aliruka nje ya bajaji ikiwa bado inanguruma, akakimbia huku anapiga kelele, "Marieta! Marieta jamani! Mke wangu!"

Basi ilikuwa vurugu. Mama mmoja alimmwagia unga wote aliokuwa ameushika. Mama Flora alifanya ishara ya msalaba mara tatu. Marieta alimrukia, akamshika uso, akamshika masikio, akahakikisha vyote vipo, halafu akampiga kofi. "Ulikuwa wapi wewe?"

"Kununua vipete!"

"Vipete gani?"

"Vya kava la bajaji!"

Kisha mtu mmoja akacheka, na kicheko kikawashika wote mpaka wengine wakakaa chini. Mama Flora akasema kuni zimeshakuja, unga umeshakuja, hakuna kurudisha kitu, watapika na watakula kwa kumshukuru Mungu. Keraryo, mweupe kwa unga toka nywele mpaka kiunoni, alikuwa anacheka kuliko wote.

Ni Susana peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa amesimama na simu mkononi. "Baba Gati," alisema polepole, "nisamehe. Nilishapiga Butiama. Sasa hivi nimewapigia tena, wanasema Mugeta ameshaondoka."

Kabla Keraryo hajajibu, bodaboda ilifunga breki barabarani.

Mugeta alishuka. Alikuwa amevaa koti la kanisani juu ya suruali ya shambani. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu cha ngozi, wa kushoto una kandambili. Hakumtazama mtu. Macho yake yalikuwa kwenye turubai tu, na alikuwa analia kwa sauti, mzee yule, kilio cha wazi kabisa, anaita jina la mdogo wake kwa lugha ya nyumbani.

Keraryo alitembea kumfuata. "Shikamoo, kaka," alisema.

Mugeta alisimama. Alimtazama mtu yule mweupe mbele yake, akarudi nyuma hatua moja, kisha akanyoosha mkono, akamgusa shavu, akatazama unga kwenye vidole vyake. Hakuitikia. Akakaa kwenye godoro palepale.

"Nilitafuta namba yako," alisema. "Njia nzima. Nikapekua simu yote. Nilikuwaga nayo, nikaifuta mimi mwenyewe. Ningekuwa nayo ningepiga tu, ungepokea, yangekwisha." Akavuta pumzi. "Mwaka mzima, Keraryo. Nikasema nitazika mtu ambaye sijamsemesha mwaka mzima."

Keraryo alipiga magoti. Hotuba yote aliyoipanga, ya kutunza na ya ng'ombe, ilimtoka kichwani. "Niliongea ujinga kaka," alisema. "Siku ile ile nilijua ni ujinga." Akalia naye.

Wanawake wakajifanya wanahangaika na kuni.

Walipokwisha kunywa chai, Mugeta alisimama akaizunguka bajaji. Alibonyeza kiti. Alipitisha kidole chini ya bodi kutafuta kutu. Alikuta yai la kuku wa Susana, akalitia mfukoni. "Hilo turubai ndilo la kulifunika hili?" aliuliza.

"Ndilo. Nilitaka kulikata, nishone kava."

Mama Flora alikuwa amekaa karibu, akaingilia. "Baba Gati, usilikate! Turubai zuri hivi! Mtaa huu hatuna hata moja, kila msiba tunaenda kukodi. Liache zima litusaidie wote."

Watu wakaitikia kwamba ni kweli. Keraryo, mtu wa wiki tatu, akaanza kusita. Alitoa ile kamba yake ya mafundo, akaitazama, akalitazama turubai. Lilikuwa wazo zuri. Angeweza kununua lingine dogo. Au akodishe hili. Au...

"Kata," alisema Mugeta.

"Kaka, wanasema..."

"Nimewasikia. Mtaa nitaununulia la kwao, nitauza ndama. Hili likate." Akalinyooshea turubai kidole. "Likate sasa hivi mimi nikiwa hapa naona. Sitaki kulisikia tena limefungwa mlangoni kwako."

Wakalishusha kwenye nguzo, wakalitandaza chini. Marieta alileta mkasi. Mugeta alipiga magoti upande mmoja, na kiatu chake na kandambili yake, akalishika turubai kwa mikono miwili likakazika, kama walivyokuwa wakikaza ngozi ya ng'ombe zamani, mmoja anashika, mmoja anakata. Keraryo akaanza kukata. Kitambaa kilikuwa kigumu, mkasi ulikwenda kidogo kidogo.

Walipofika katikati, Mugeta, bila kuinua macho, alisema, "Marahaba."