Kimo cha Nayeli

Daktari Rebeca Huamaní alimwambia Nayeli amkazie macho puani, kisha akanyoosha mikono pande zote mbili na kuchezesha vidole.

"Ukiviona, sema."

Binti akaendelea kuitazama pua. Daktari akavisogeza polepole mpaka karibu na mashavu yake mwenyewe.

"Hivyo hapo!" Nayeli akacheka. "Ulikuwa umevificha wapi?"

Vipimo havikuacha shaka. Uvimbe kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, ulikuwa ukimwaga homoni ya ukuaji bila breki, na sasa umepanda juu na kuzibana neva za macho. Nayeli alikuwa na miaka kumi na sita na urefu wa karibu mita mbili. Daktari Rebeca alikuwa ameutafiti ugonjwa huo miaka mingi. Neva ikishakufa, haifufuki.

"Apasuliwe wiki hii," alimwambia mama wa Nayeli, Zoraida, muuza tamale, mikate ya mahindi ya mvuke, katika mji wa Chincha. "Sheria inataka sahihi yako."

"Na akishapasuliwa, ataendelea kurefuka?"

"Hapana. Hiyo ndiyo tiba."

"Jumapili wachaguzi wa timu ya taifa wanakuja, Daktari. Peru nzima inalilia msichana mrefu wa kucheza mpira wa wavu. Mungu kanipa mimi, kibete, halafu wewe unataka kumkata?"

"Atapofuka, mama."

"Huyu? Nayeli, daktari kavaa nini?"

"Koti jeupe, lina doa la kahawa mfukoni."

Kweli lilikuwapo. Mbele aliona vizuri. Ugonjwa ulikuwa ukila pembeni.

"Baada ya Jumapili," Zoraida akasema, akainuka.

Jumapili Daktari Rebeca aliendesha gari hadi ukumbi wa michezo wa Chincha. Zoraida alimketisha ubavuni pake jukwaani, juu tu ya uwanja, akampakatisha sahani ya tambi.

"Kula kwanza. Ugomvi hautaki tumbo tupu."

Uwanjani wasichana walikuwa wakipiga kelele. "Kushoto, Mnara! Juu! Ruka!" Daktari alidhani ni kelele za mchezo, mpaka alipogundua kuwa timu ya pili haikuitana hivyo. Kila mpira uliotoka pembeni, wenzake walimtangazia Nayeli. Naye aligeuka kufuata sauti. Hakuna aliyewapangia. Walimwona mzito kidogo, wakazoea kumsaidia.

"Unawasikia?" Daktari akauliza. "Wao ndio macho yake."

Zoraida akaacha kujipepea.

"Hata nyumbani," akasema kwa sauti ya chini, "namwita kwanza ndipo nimpe kikombe."

"Basi tia sahihi, mama. Sasa hivi."

"Imebaki seti moja."

Alama zikawa sawa. Mashabiki wakaanza kuyapiga masanduku yao ya mbao kama ngoma, ukumbi ukatikisika, sauti za wasichana zikamezwa. Mpira ukaja kutoka kushoto. Nayeli alisimama anatazama mbele, mikono imelegea, anangoja kuambiwa.

"Kushoto!" Daktari Rebeca alijikuta amesimama, tambi zimemwagika miguuni. "Kushoto, Nayeli!"

Nayeli akageuka, akaruka, akauzima mpira juu ya wavu.

Ukumbi ukalipuka. Zoraida akamkumbatia daktari kiunoni, machozi yanamtoka.

"Anaona! Umeshuhudia mwenyewe, Daktari! Usiniambie tena kwamba haoni!"

Daktari alifungua mdomo kumjibu, asisikike. Chini, wachaguzi walikuwa wamesimama, wanapiga makofi.