Mchicha Ulioshiba

Mwanne alikuwa akimwagilia mchicha wake uani, kopo baada ya kopo, huku jenereta la duka la jirani likitema moshi juu ya ukuta. Majani yalikuwa na mabaka meupe, kama yamemwagiwa maji ya moto. Viroba vya mchicha vya Joyceline, mpangaji mwenzake, vinavyoambulia maji ya kusuuzia vyombo tu, vilikuwa kijani tupu.

Kwa sababu hiyo, wiki iliyopita, mbele ya wanawake wote pale bombani, Mwanne alisema kamwona Joyceline akimtilia chumvi mchichani usiku. Maneno yakamfika Mzee Abdulla, mwenye nyumba. Akasema hataki watu wa kijicho kwake, Joyceline ahame. Siku yenyewe ndiyo leo.

Akapita Vitalis, bwana shamba wa kata. Akamwamkia, akachuma jani, akalipindua, akauliza anamwagilia vipi. Mwanne akajibu kwa maringo: asubuhi na jioni, na samadi ya kuku juu yake.

Vitalis akamtegea kitendawili: nani hushiba ndipo akaugua? Jani, akaendelea, lina vitundu vya kupumulia. Mche ulioshiba maji huviacha wazi, moshi ukajiingilia. Wenye kiu huvifumba, moshi ukabaki nje.

"Hiyo chumvi inayosemwa mtaani ingeanzia pembeni mwa jani, mama. Huu ni moshi."

Mwanne akaona haya hata kumtazama. Akaenda barazani kwa Mzee Abdulla, akaomba Joyceline abaki, jenereta lisogezwe. Mzee akamaliza kahawa yake kwanza. Ule upande wa pili wa ukuta, alisema, kampangisha mwenye duka, na chumba cha Joyceline anakitaka huyo huyo kiwe stoo.

"Jenereta halihami, Mwanne. Anayehama ni mpangaji. Mimi nilikuwa natafuta sababu tu, wewe ukaniletea."

Joyceline alikuwa anafunga godoro kwa kamba. Mwanne hakumfuata chumbani. Alisimama pale pale bombani, kwenye foleni ya ndoo.

"Jamani, nilimsingizia Joyceline. Sikumwona na chumvi. Nilijitungia."

Joyceline akapita na godoro kichwani, akasimama kidogo.

"Siku ile ulisema mpaka mtaa wa pili wakasikia, dada. Leo unanong'ona."

Jenereta lilikuwa linanguruma. Mwanne akavuta pumzi ya ule moshi, akarudia kwa kelele, neno kwa neno, na habari ya stoo akaiongeza, mpaka mwenye duka akachungulia juu ya ukuta.