Katikati ya Hakuna Mahali

Mimi niliuliza swali moja tu: nyumba iko wapi? Mtu ana mtoto mmoja wa kike, kamlea kwa cherehani mpaka mgongo umepinda, halafu anakuja kijana mpima ardhi anataka kumchukua. Jamani, sina haki ya kujua anampeleka wapi?

Walikaa kwenye benchi la wateja, katikati ya magauni yaliyokuwa yakisubiri vifungo. Kiswahili cha kijana kilikuwa bado cha salamu, kwa hiyo binti yangu ndiye aliyetafsiri. Nikamwonya, "Neno kwa neno, mama. Usinipunje."

Akamuuliza. Kijana akatabasamu, akajibu.

"Anasema nyumba iko katikati ya hakuna mahali."

Nikaacha kukanyaga cherehani. "Hakuna mahali ndiyo wapi?"

"Ndivyo Kiingereza kinavyosema, mama. Maana yake pametulia."

"Haya. Na kisima?"

"Umbali wa kurusha jiwe."

"Arushe nani? Maana mimi bega hili limenigomea tangu nishone zile sare za shule."

Kaka yangu, aliyekuja kukaa kama mjomba wa binti lakini macho yake yako kwenye chai, alicheka mpaka akapaliwa. Kijana naye akacheka bila kujua anachekea nini, akashika kifua, akaongeza neno.

"Anasema leo yuko juu ya mwezi, kwa furaha."

"Ashuke basi, tuzungumze! Yeye yuko mwezini, nyumba haiko mahali, kisima kinapigwa mawe. Na huyu ndiye anayewapimia watu viwanja?"

Basi nikawa nimeshamjulia. Kila akitaja mahali, napunguza chumvi. Aliposema jirani wa karibu yuko upande wa pili wa dunia, nikaguna tu. Aliposema mto unapita mlangoni, na mvua zikianza hakuna anayetoka wala kuingia, nikapiga makofi.

"Mto mlangoni! Sasa hodi anapiga nani, kambare?"

Kaka yangu akacheka. Kijana hakucheka. Binti yangu alikuwa ameinamia kitambaa cha mteja, anakikunja, anakikunjua.

Moyo ukanilipuka. "We mtoto. Ni mbali?"

"Si mbali, mama. Ni hapo tu."

Hilo "hapo tu" kijana alilielewa. Akamtazama mwenzake, kisha akanigeukia mimi. Akasimama, akanyoosha mkono nje ya dirisha, juu ya mapaa ya watu.

"Kule," akasema. Akatikisa kichwa, haikumtosha. "Kuleee." Bado. Akavuta pumzi. "Kuleeeeeee!" Mishipa ya shingo ikamtoka, sauti ikamkatikia njiani.

Sijui aliokota wapi, labda aliwasikia watu wakielekezana barabarani. Lakini sisi wenyewe tunajua "kule" inapimwa kwa pumzi, na ile ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia. Hata kaka yangu aliweka kikombe chini.

"Na mto ni wa kweli?" nikamuuliza binti.

Akaitikia kwa kichwa. "Niliogopa utakataa."

"Ningekataa!" Na kweli ningekataa. Hasira zilinipanda. "Huyu asiye na Kiswahili kaniambia ukweli. Wewe niliyekufundisha kusema ndiye unayenidanganya?"

Akaanza kulia. Kijana akauliza kitu kwa sauti ndogo, na kaka yangu, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, akanitafsiria: "Anauliza kama amekosea."

Nikamtazama. Amesimama wima, jasho linamtoka, anasubiri kufukuzwa.

"Mwambie amepatia," nikasema. "Amchukue. Ila mvua zikitaka kuanza tu, amlete mwanangu hapa. Siyo karibu na hapa. Hapa!" Nikapiga sakafu kwa kisigino.

Hakungoja tafsiri. Alikuja, akaweka kiatu chake kando ya mguu wangu.

"Hapa," akasema. Fupi, bila kuvuta.

Ndipo nami nikalia, na wala sikujificha.