Nguo za Siku ya Kutoka Nje

Kwetu Nyololo mtoto mchanga hatolewi nje ovyo. Mwezi wa sita na wa saba sakitu, ule umande wa barafu, inaanguka usiku, asubuhi unakuta majani ya viazi yameungua kama yamemwagiwa maji ya moto, na ukungu hauondoki mpaka saa nne. Mtoto wa wiki mbili ukimtoa kwa kanga moja katika hali hiyo, unampeleka kaburini. Ndiyo maana kitongojini walikuwa wananiita mimi. Nilizaa sita, wote wakakua, na wanawake waliuamini mkono wangu. Kitovu kikishakauka, siku mtoto anatoka nje kwa mara ya kwanza, mama yake analeta salamu: "Mama Benedicta, njoo utuvishie." Naenda, nanawa mikono, namvisha.

Nilikuwa na utaratibu wangu na sikupenda kuulizwa. Kwanza kishati cha kitambaa kilichochakaa, maana kipya kinakwaruza. Juu yake gauni zito, kisha sweta ya sufu, kofia ya kufuma inayofunika masikio, na soksi ninazozifunga kwa uzi kifundoni zisidondoke. Halafu shali, na blanketi mwisho. Wakati wa mvua napunguza shali. Mwezi wa kumi na moja, jua likiwaka, nawaruhusu waache wazi uso. Kofia siivui kamwe. Aliyebisha nilimwambia amvishe mwenyewe, na hakuna aliyethubutu.

Mwaka 1976 mwanangu Benedicta akajifungua mtoto wa kwanza kule Usangu. Alikuwa ameolewa na Nkuba, Msukuma, ambaye wazazi wake walihama na ng'ombe zao kutoka Shinyanga kutafuta malisho. Ndoa ile sikuipenda sana, lakini kijana alikuwa mpole na alikubali kubatizwa, nikanyamaza. Barua ilipofika kwamba ni mvulana, nilijaza kikapu nguo nilizofuma mwenyewe, nikapanda basi mpaka Chimala, kisha gari la ng'ombe mpaka kwao. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua haijaanza. Njiani nilivua sweta yangu mwenyewe, nikaifunga kiunoni, na wala sikuwaza lolote.

Mama yake Nkuba, anaitwa Ngolo, alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu, mkwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mjukuu wetu nilimkuta amelazwa juu ya kanga, uchi kabisa, ana ushanga kiunoni. Nikasema moyoni kwamba watu hawa wanalea mtoto kama ndama.

Nilimvisha siku hiyohiyo. Nikienda kisimani wanamvua, nikirudi namvisha. Ngolo hakuwa mgomvi. Aliniambia tu, "Mkwe, huku joto. Mtoto anavaa kanga tu, yatosha."

"Baridi ya mtoto mchanga iko kwenye mifupa, mkwe," nilimjibu. "Haijali nje kukoje."

Benedicta alikaa katikati yetu. Alikuwa ameolewa huku, lakini mimi ndiye mama yake, na tangu utoto wake alikuwa ameona wanawake wakinipigia magoti mlangoni na vichanga vyao. Angeanzaje kunibishia?

Padre alikuwa anafika kwenye kigango chao mara moja kwa miezi miwili. Tuliona mtoto abatizwe kabla mvua hazijakata njia. Hiyo ndiyo ikawa siku yake ya kutoka nje, na nguo za siku hiyo zilikuwa kazi yangu. Nilimvisha zote, kuanzia kishati mpaka blanketi. Benedicta alishika ukingo wa shali akasema polepole, "Mama, shali labda tuiache."

"Wewe nilikuvisha hivihivi na uko hai."

Akauachia.

Tulipanda gari la ng'ombe sisi wanawake watatu, Nkuba akatembea mbele ya maksai. Mtoto nilimpakata mimi. Jua la Usangu asubuhi tu lilikuwa limeshakaa kichwani, na tambarare ile haina hata mti wa kukupa kivuli. Mtoto alilia kama saa nzima. Ngolo akanyoosha mkono, akampapasa shingoni chini ya kofia, akautoa haraka.

"Mkwe, huyu ng'wana anaiva. Mfungue."

Nikamgeuzia mgongo. Ndiyo, nilimgeuzia mgongo, mtu mzima mwenzangu, bibi wa mtoto uleule, kwa sababu niliona anataka kunifundisha kazi niliyoifanya miaka ishirini. Baada ya muda mtoto akanyamaza.

"Mmeona," nikasema. "Alikuwa anataka usingizi."

Benedicta akatabasamu. Nalikumbuka tabasamu lile kuliko kitu kingine chochote cha safari hiyo, kwa sababu aliniamini.

Kigangoni padre alimwaga maji kwenye paji la uso. Mtoto hakushtuka. Nimehudhuria ubatizo mwingi, hakuna mtoto asiyeshtuka. Katekista aliyeshika bakuli akanitazama mimi, akamtazama mtoto, akaweka bakuli chini. Nilipogusa shavu lilikuwa kavu, lina moto kama jiwe la jikoni. Nikaanza kuvua. Blanketi, shali, kofia, sweta. Nyuzi za soksi nilikuwa nimezifunga vizuri mno, vidole vyangu vikashindwa kufungua, Ngolo akazikata kwa meno. Tukammwagia maji yaliyobaki, Nkuba akampepea kwa kofia yake. Mtoto alijinyoosha mara mbili, mwili wote ukakakamaa, kisha akalegea. Jina lake lilikuwa Liberatus. Alikaa nalo hata nusu saa haikufika.

Hakuna aliyenigombeza. Ngolo alimfunga mjukuu wetu katika kanga yake mwenyewe, akasema, "Mungu amempenda." Ningeshukuru kama angenipiga kofi. Benedicta hakusema neno siku ile, wala siku ya maziko, wala siku ya tatu nilipoondoka. Alinisindikiza mpaka kwenye gari kwa sababu ndiyo adabu, akarudi ndani kabla maksai hawajaanza kutembea. Watu husema majuto ni mjukuu. Waliotunga methali hiyo sijui kama waliwahi kumzika mjukuu waliyemuua wenyewe.

Nyololo niliwaambia ni homa. Nilidanganya, na wakanipa pole kwa uongo wangu. Wanawake waliendelea kuja, "Mama Benedicta, njoo utuvishie," nikawaambia mikono inauma. Kazi nikamfundisha jirani yangu Lea, mama yake Didas. Nilisimama mbali, nikamwelekeza kwa mdomo, sikugusa mtoto hata mmoja.

Mwaka 1978, mwezi wa saba, Benedicta akaja. Alikuwa amezaa tena, mtoto wa kike wa miezi miwili, na Nkuba ndiye aliyemlazimisha amlete nimwone. Nilipopata barua nililia kwa furaha, sifichi. Nikafikiri labda sasa yamekwisha. Basi lilipofika walishuka kwenye ukungu, mtoto ana kigauni chepesi na kanga moja. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vya bluu. Nilinyoosha mikono nimpokee. Benedicta akanisalimu, "Shikamoo, mama," akambadilisha mtoto kwenda upande wa pili.

Asubuhi ilikuwa ampeleke kliniki kupimwa. Nje sakitu imeganda kwenye majani, na mtoto usiku kucha alikuwa anapiga chafya. Nilikaa kwenye kigoda pale jikoni nikiumauma midomo.

"Benedicta, mtoto anapata baridi."

"Najua, mama."

Akafungua mlango, akaita juu ya uzio, "Mama Didas, naomba uje univishie mtoto."

Lea akaja mbiombio, bado ana unga mikononi. Alisimama mlangoni akatutazama wote wawili, kwa sababu yeye hakujua kitu.

"Lakini mama si yupo hapa," akasema. "Yeye ndiye aliyetufundisha sisi wote."

Benedicta hakukasirika. Alinigeukia, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayeomba chumvi. "Mama, kaa nje kidogo mpaka tumalize."

Nikatoka. Nilikaa kwenye gogo la kupasulia kuni, sina hata shali, nikawasikia ndani Lea akitaja nguo moja baada ya nyingine kwa mpangilio niliomfundisha. Wakatoka. Mtoto alikuwa mgongoni kwa mama yake, amefunikwa, ila mguu mmoja ulikuwa umechomoza pembeni mwa kanga, bila soksi. Walipita hatua mbili kutoka nilipokaa. Ningeweza kuushika. Nilifungua mdomo niwaambie, halafu sikujua tena kama mguu ule ufunikwe au uachwe, nikaufunga mdomo, wakaenda.