Chapa Kumi na Nne

Mtu aliyewauza watu wetu wakati wa vita vya shifta, serikali ilipowasaka waasi wa Kisomali, amejengewa mnara hapa Wabera, na aliyeujenga ni mimi.

Aliitwa Awale, mchuuzi wa ngamia, marehemu sasa. Mtoto wake Yahye ana malori na anajulikana kwa wakubwa, ndipo babake akaandikwa shujaa wa amani. Mimi Guleid ni fundi wa mawe, shule niliacha darasa la nne. Binti yangu Saadia ameolewa na kijana wa Yahye, kwa hivyo kazi ililetwa kwangu kama heshima. Nikaipokea. Habari za Awale nilikuwa nimezisikia kwa minong'ono tu; wazee wetu ya vita hawasemi.

Yahye aliniletea daftari la babake, kingo zimeliwa na mchwa. Ndani mlikuwa na michoro kumi na nne: chapa za ngamia, zile alama ambazo kila familia huchoma wanyama wake kwa chuma cha moto.

"Zizungushe hapo chini, mkwe," akasema. "Watu waone mzee alivyopenda utamaduni."

Yahye amekulia mjini. Ngamia anamjua kwa maziwa.

Chapa ya tatu ilikuwa ya babu yangu, mzaa mama. Hiyo niliichonga kwa uangalifu kuliko zote, na simiti ilipokauka nikamleta mama yangu, Fahmo, kwa bodaboda aje aione. Nilikuwa na furaha, mjinga mimi.

Macho ya mama yamefifia. Alipiga magoti akapapasa kwa vidole.

"Hii ya kina Sahal. Hii ya kina Khadijo. Hii yetu." Akaenda mpaka ya mwisho, kisha akarudi mwanzo. "Nani amezipanga hivi?"

"Ni daftari la Awale, hooyo. Nimefuata tu."

"Hivi ndivyo ngamia wetu walivyopigwa risasi, kwa mpangilio huu," mama akasema. "Walianza na wa kina Sahal, asubuhi. Wetu walikuwa wa tatu. Tulikalishwa chini tuangalie. Awale alisimama kando ya askari na kijitabu, anawasomea chapa. Wa huyu, mwanawe yuko msituni, piga. Wa yule, acha." Akapapasa jiwe tena. "Ya Awale mwenyewe iko wapi?"

Nilizunguka mnara mara mbili. Haikuwepo.

Mama alitema mate kwenye jiwe, akaomba arudishwe nyumbani. Mikono yangu ilinuka simiti, nikaiosha, bado inanuka.

Nilimkuta Yahye sebuleni kwake, nikamwekea daftari mezani. Hata salamu sikumaliza.

"Mama anasema hizi ni za ngamia waliouawa na askari. Chapa ya baba yako mbona haimo?"

Alipekua daftari. "Labda aliisahau."

"Msomali asahau chapa ya ngamia wake? Jina la mama yake pia alisahau?"

"Guleid, hayo ni ya miaka sitini iliyopita. Ijumaa wageni wanakuja kufungua."

"Basi nipe ruhusa nizitoe."

"Na watu wakiuliza kwa nini zimetolewa?" Alijua. Niliona usoni kwamba sasa amejua, na bado alikuwa anahesabu wageni wake. Saadia aliingia na birika la chai, mjamzito wa mtoto wa pili. Yahye akangoja atoke. "Ukigusa ule mnara, binti yako hatakanyaga kwako tena. Mimi ndiye nasema."

Alhamisi saa nne asubuhi, soko la kando ya mnara limejaa, nilichukua nyundo. Fundi mwenzangu Lopeyok alikuwa anachanganya mchanga.

"Mzee, leo tunajenga ama tunabomoa?"

"Wewe kaa kando. Una watoto."

Nilianza na ya kina Sahal, nikafuata mpangilio wake Awale, moja baada ya nyingine. Watu walisimama. Hakuna aliyenizuia, wala aliyenisaidia. Polisi walifika nikiwa kwenye ya kumi na nne, wakaningoja niimalize; mmoja wao alikuwa mzaliwa wa hapa.

Mnara bado upo. Fundi mwingine aliupiga plasta, ukafunguliwa wiki iliyofuata, na jina la Awale liko juu kwa herufi za shaba.

Ngamia wa babu walikuwa thelathini na mmoja. Mimi nimelala seli siku nne. Nyundo yangu haijarudishwa. Binti mmoja, hashiki simu yangu. Wajukuu wawili, wa pili ana miezi mitano, sijamshika.