Ziara ya Sita

"Na ukiwa mle ndani na mtoto yule, huwa unampa mgongo?"

Marcelline ndiye aliyemuuliza Mama Mugambi swali hilo, siku moja walipokuwa wakianika nguo juu ya paa la jengo lao kule Jeppestown, kusini kabisa mwa Afrika. Marcelline ni fundi cherehani kutoka Lubumbashi, jirani wa mlango wa pili, mwenye mdomo usio na breki. Mama Mugambi alidhani ni mzaha.

"Nimpe mgongo kwa nini? Mimi nalipwa kumtazama."

"Njo vile. Umutazame sana," Marcelline akasema, akabana shuka kwenye kamba. Hakucheka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Jumamosi tu. Siku nyingine Mama Mugambi alisafisha ofisi huko Marshalltown, na Jumapili alikuwa kanisani tangu asubuhi mpaka jioni. Kituo kilikuwa ghorofa ya pili ya jengo kuukuu lililowahi kuwa kiwanda cha makoti, na wazazi waliokatazwa na mahakama kukaa peke yao na watoto wao waliletwa hapo wakutane nao mbele ya mtu wa tatu. Yeye ndiye mtu wa tatu. Shule aliishia darasa la saba, lakini mwandiko wake ulisomeka, na Kiswahili cha Kenya na cha Kongo vyote alivisikia. Lynette, mkuu wa kituo, alikuwa amechoka na wazazi wanaowanong'oneza watoto maneno ambayo mwangalizi hayaelewi. Alimfundisha kazi kwa asubuhi moja.

"Mama, keti mahali unapoona nyuso na mikono. Usile chakula chao, usipokee zawadi. Andika jicho lilichoona na sikio lilichosikia. Moyo ulichodhani, kiache nyumbani."

Kwa mjane aliyekaa miaka sita akiyatazama tu maisha ya wengine, kazi hiyo haikuwa ngumu.

Mtoto aliyesemwa na Marcelline aliitwa Shekinah, miaka minane. Baba yake, Cédric, alikuwa mlinzi wa duka moja mjini. Mwaka uliopita mdogo wake Shekinah, mtoto mchanga, alikufa kwa homa ya siku mbili, na mchungaji wa kanisa la chumba kimoja akatangaza kwamba aliyemla kwa uchawi ni dada yake. Cédric akamfungia binti ndani siku tatu, maombi bila chakula wala maji. Siku ya tatu mama yake, Arlène, anayesuka nywele Randburg, alikuja na watu wakavunja mlango. Mahakama ikampa mama mtoto, na baba ikampa ziara sita chini ya uangalizi. Zote zikienda vizuri, Cédric angemchukua Shekinah likizo nzima ya Desemba, wao wawili, bila mwangalizi. Tano zilikwisha kupita. Ripoti ya mwisho ilitakiwa Jumatatu.

Na zile tano zilikuwa safi kama shati la Cédric lililopigwa pasi. Alifika kabla ya wakati. Aliuliza habari za shule, alimchekesha mtoto, hakupandisha sauti hata mara moja. Mara tano Mama Mugambi aliandika, *Hakuna tatizo.* Mara tano alirudi nyumbani na kitu kimemkaa kooni kama mwiba wa samaki, asijue ni nini.

Halafu kulikuwa na kiti.

Chumba kilikuwa na viti vinne vya plastiki, watu watatu. Jumamosi ya kwanza Shekinah alikiburuta kile cha nne kutoka ukutani, akakiweka ubavuni mwa Mama Mugambi.

"Cha nani hicho, mwanangu?"

"Cha huyo uliyekuja naye, Gogo," mtoto akajibu. Gogo ni bibi, ndivyo watoto wa mji huu wanavyowaita kina mama wazee.

Mama Mugambi alicheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni. Aliandika, *Mtoto amesogeza kiti*, kwa kuwa ndicho jicho lilichoona. Jumamosi iliyofuata mtoto alifanya vilevile, na zilizofuata pia. Ilipofika ya nne, Mama Mugambi alijikuta hathubutu kuweka mkoba wake juu ya kile kiti.

Ziara ya sita ilianza saa nne asubuhi. Arlène alikwisha kumleta mtoto na kuondoka kwa mlango wa nyuma, maana wazazi hao hawakuruhusiwa kukutana. Jua lilikuwa kali huko nje, malori yalinguruma kwenye robot, zile taa za barabarani, ila chumbani mlikuwa na ubaridi wa pango. Shekinah alivuta kiti cha nne. Kisha akafungua kopo.

"Papa, nimepika maandazi. Nimekanda mwenyewe, Mama amenisaidia kuchoma tu."

"Eh! Maman yangu amekuwa mupishi!" Cédric akamwambia binti yake, akilichukua andazi kwa ncha za vidole viwili. "Merci, merci." Akatandaza leso gotini, akaliweka andazi katikati, akakunja pembe nne, akaitia leso mfuko wa koti. "Nitakula nyumbani."

Hapo ndipo ule mwiba ulipochoma. Mama Mugambi alirudisha akili nyuma, Jumamosi hadi Jumamosi. Pande la chungwa, leso. Biskuti, leso. Ndizi nusu ambayo mtoto alimmenyea mwenyewe, leso. Chakula alichokileta yeye Cédric walikula wote wawili, lakini kilichopita mkononi mwa Shekinah hakijawahi kufika kinywani mwake.

Aliandika, *Saa nne na dakika kumi na mbili, baba ameweka andazi mfukoni.* Akaitazama sentensi hiyo. Hakimu atasoma nini humo? Mtu hajasikia njaa, basi.

Shekinah aliacha kutafuna. Alikuwa akitazama kiti cha nne, kichwa kimeinama upande kama mtoto anayesikiliza mtu mzima mwenye sauti ndogo. Plastiki ya kiti ililia kidogo, vile viti vya plastiki vinavyolia mtu anapobadilisha mkao.

"Gogo."

"Naam, mwanangu."

"Anasema sakafu ni baridi."

Cédric alisogeza kiti chake nyuma. "Nani anasema?" akauliza polepole, kwa upole wa mtu aliyengoja siku nyingi.

"Huyu mzee. Anauliza Gogo aliviweka wapi viatu vyake. Vile vyeusi vya kamba."

Kalamu ilimponyoka Mama Mugambi. Mumewe, marehemu Mwaniki, alifia hospitali ya mji huu huu kwa kisukari, na yeye peke yake ndiye aliyemvisha kabla maiti haijasafirishwa Kenya. Miguu ilikuwa imevimba, viatu vikakataa. Alimvisha soksi mbili mbili, akafunika shuka, akamwambia msimamizi wa chumba cha maiti afunge jeneza. Hakumwambia mtu, hata Mugambi mwanawe. Viatu vile vilikuwa chini ya kitanda chake, ndani ya mfuko, vimepakwa rangi.

"Mama," Cédric akaita. "Ni kweli?"

Mama Mugambi aliitazama kalamu pale sakafuni.

"Mama, wewe ni mutu wa Mungu. Ni kweli, ao si kweli?"

Uongo mmoja mdogo ungetosha. Neno moja tu, na mtoto angekuwa mtoto mwenye maneno mengi, basi. Lakini Shekinah alikuwa amemkazia macho, akingoja, na ilionekana wazi kwamba amezoea kuitwa mwongo. Mama Mugambi alisikia vinyweleo vya shingo vikisimama, upande ule wa kiti.

"Ni kweli," akasema.

Cédric aliufunika uso kwa viganja. Alipoviondoa, macho yalikuwa na machozi. "Asante Yesu. Mwaka muzima watu wananiambia mimi ni mwenda wazimu. Mutoto wangu nilimuzika mwenyewe, Mama, kwa mikono hii. Na hapa Mungu ameniletea shahidi." Akainama mbele, sauti ikashuka. "Sikia. Hii usiandike. Hakimu ni mutu wa vitabu, hataelewa. Andika kama siku zote, hakuna tatizo. Desemba mimi nitaimaliza hii maneno."

"Utaimaliza vipi?"

"Kwa upendo, Mama." Alitabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri, la baba. "Wewe uniombee tu."

Mtoto alimtazama baba, akamtazama Gogo, akajikunyata kitini mikono kati ya magoti. Alijua wanachozungumza.

Mama Mugambi aliokota kalamu. Aliandika yote, la sakafu, la viatu, na hilo la Desemba. Ila alipoyasoma aliona kwamba hayatoshi. Upendo ni upendo kwenye karatasi. Mtu huyu angefika mahakamani na shati lake safi, aape kwamba alikuwa akizungumzia chanjo au shule, naye mwangalizi wa darasa la saba angebaki na alichodhani moyoni. Na moyo wake mwenyewe haukuwa na amani. Kwao Meru, alipokuwa msichana, nyumba zilikuwepo ambazo mtu hapokei hata maji, kwa hofu ya kurogwa. Ni nani aliyemwambia mtoto habari za viatu? Ee Bwana, ni nani?

Aliiweka kalamu chini.

"Shekinah, hebu nipe andazi."

Mtoto akashtuka. "Mimi? Kwa mkono wangu?"

"Una mkono mwingine umeuficha?"

Cédric alisimama nusu. "Mama, usifanye. Mama! Imekatazwa, si ulituambia siku ya kwanza?"

"Imekatazwa. Nitaandika kwamba nimekula."

Alilipokea. Lilikuwa limeungua upande mmoja. Aliomba kimoyomoyo, sala fupi ya mtu anayevuka mto asioujua kina, akauma. Alitafuna huku akisikia ubaridi ukimpanda kwenye nyayo, taratibu, kana kwamba yeye ndiye hana viatu. Alimeza. Akauma tena.

"Umetia chumvi badala ya sukari, wewe."

"Eish! Sorry, Gogo." Shekinah alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na nyuma ya viganja akacheka, kicheko kidogo chenye kutu.

"Linalika. Mwenye njaa hachagui." Mama Mugambi alilimaliza lote, akapangusa makombo. Kisha akamgeukia Cédric. "Sasa wewe, Baba Shekinah. Lako liko mfukoni. Litoe tule pamoja."

"Nitakula nyumbani."

"Nyumbani sitakuona. Kula hapa."

"Mama, sina njaa."

"Sikukuuliza njaa. Hili ni lako, amekukandia mwanao. Ule, nami niandike kwamba baba amekula chakula cha mkono wa mwanawe, na Desemba umchukue, mimi mwenyewe niwaombee njiani. Moja tu. Hata kipande."

Aliitoa leso. Alifungua pembe moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Alilishika andazi kwa ncha za vidole, akalipandisha, likafika kidevuni. Shekinah alikuwa ameegemea mbele, mdomo wake mwenyewe umefunguka kidogo, kama anayemlisha mtoto mchanga.

"Ni salama, Papa," akanong'ona. "Gogo hajafa."

Mkono wa Cédric ulisimama pale pale. Mama Mugambi alihesabu pumzi zake, saba, nane. Mtu huyu alikuwa akijitahidi, hilo hata adui asingemnyima. Alitaka kulila. Lakini macho yake hayakuwa juu ya andazi, yalikuwa juu ya vidole vya mtoto, na yaliyomo machoni humo hayakuwa ya kuandika kwa dhana. Hofu yake ilionekana.

Alilirudisha andazi mezani. Alipangusa vidole kwa leso, kimoja kimoja, mpaka kucha, na leso yenyewe akaiacha hapo hapo juu ya meza.

"Papa?"

Mama Mugambi alichukua kalamu, akatazama saa ya ukutani, akaandika kwamba baba ameshindwa kula chakula cha mkono wa mwanawe. Ziara ilikuwa imebakiwa na dakika thelathini na tano.

Cédric alifunga vifungo vya koti, vyote vitatu, akafungua mlango, akatoka.