Kalipa Nyekundu za Mwalimu Titus

Picha ile Milcah aliiona Jumamosi saa tatu asubuhi, akiwa ameketi juu ya tairi kuukuu nje ya gereji yake kando ya barabara ya Webuye, chai mkono mmoja, simu mkono wa pili. Mwalimu Titus alikuwa ameiweka kwenye status yake ya WhatsApp: gurudumu la mbele la Subaru yake, rimu zimeoshwa zikang'aa, na nyuma ya rimu kalipa mpya, nyekundu kama pilipili. Chini yake kulikuwa na maneno: "Kazi ya Fundi Milcah, Kakamega. Mwanamke wa shoka!"

Milcah alitabasamu. Akaikuza picha kwa vidole viwili ili aone rangi ilivyokaa. Tabasamu likamkauka mdomoni.

Kalipa ndiyo inayozibana pedi kwenye diski ili gari lisimame. Kila kalipa ina skrubu ndogo ya kutolea hewa, na skrubu hiyo sharti ikae juu, maana hewa hupanda juu ya mafuta ya breki kama povu. Katika picha, skrubu ilikuwa inaangalia chini. Kalipa ya kulia alikuwa ameifunga kushoto, na ya kushoto kulia. Maana yake ni kwamba hewa ilikuwa imenasa ndani, na hata angeitoa siku nzima isingetoka.

"Mungu wangu," alisema. Chai ikammwagikia gotini wala hakuhisi.

Mwalimu Titus alikuwa anafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari huko Shinyalu. Subaru yake, aina ya Legacy B4, aliinunua ikiwa imeshapita mikono miwili, gari la familia lenye milango minne na moyo wa gari la mashindano. Alipolileta kwa Milcah mara ya kwanza, alitaka nguvu. Alikuwa na orodha: ekzosi pana, chujio la hewa la wazi, na mtu wa kuichezea kompyuta ya gari ili turbo isukume hewa zaidi kwenye injini.

"Mwalimu, nguvu unayo tayari," Milcah alimwambia siku hiyo. "Gari hili lilitoka kiwandani likiwa na nguvu kuliko barabara zetu. Kwa hizo pesa zako kidogo, anza na kusimama. Weka matairi mazuri na mafuta mapya ya breki. Halafu tutafute kalipa za ndugu yake mkubwa, Subaru ya mashindano, zile za pistoni nne. Zinaingia hapo bila kukata wala kuchomelea kitu. Utakuwa na gari lingine kabisa."

Titus alikubali. Ombi lake lilikuwa moja tu, kwamba zipakwe rangi nyekundu. Milcah akazipata kalipa za mitumba kutoka Japani, akazisugua, akazipaka rangi mara mbili, akazianika. Rangi ile nzito ikaziziba herufi zilizochongwa kwenye chuma kuonyesha ipi ya kulia, ipi ya kushoto. Ijumaa jioni alizifunga haraka haraka, kwa kuwa Titus alikuwa amesimama pale na mkoba wake, kesho yake anasafiri.

Lakini hilo silo lililokuwa linamchoma sasa. Lililomchoma ni kwamba alijua. Alipoikanyaga pedali ya breki Ijumaa aliikuta laini, ikishuka kama mguu uliokanyaga tope. Alitoa hewa mara tatu na bado ikawa vile vile. Titus naye akaijaribu, akauliza, "Mbona inaenda chini hivi?" Milcah, amechoka, jina lake likiwa limeanza kusikika mpaka Bungoma, akamjibu, "Pedi ni mpya, mwalimu. Zizoeane na diski kwanza. Itakaza yenyewe."

Alisimama. Akapiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na safari hii ilikatwa.

Hezekiah, mchomeleaji aliyegawana naye uwanja ule, alikuwa ameinua kioo chake cha kuchomelea, anamtazama. Milcah alimwonyesha picha na kumweleza.

"Sasa unampigia umwambie nini?" Hezekiah aliuliza. "Ati umekosea? Wewe mwanamke, dada yangu. Wakisikia hiyo, hakuna mtu ataleta gari hapa tena. Ameendesha jana, ameendesha leo, bleki inashika. Akirudi Jumatatu umwambie ni sabisi tu, ya kukagua gari, uzigeuze, yaishe."

"Anaenda wapi, unajua?"

"Kwa wakwe zake, si alisema? Kisumu."

Barabara ya Kisumu ina vilima vyake, lakini ikishapita Kiboswa inakuwa mteremko mmoja mrefu hadi Mamboleo, na chini kule kuna malori, watu na vibanda. Mtu akishuka pale mguu uko kwenye breki muda wote. Diski zikipata moto, ile hewa iliyonaswa ndani ingetanuka na pedali ingezidi kulegea, mpaka ifike sakafuni.

Milcah alifungua tena status. Picha ya pili ilikuwa imeongezwa dakika sita zilizopita: mkewe Titus, Gentrix, amejipiga mwenyewe pamoja na binti yao Mitchel wa miaka mitatu, wanakula mahindi ya kuchoma dirishani. Nyuma yao kulionekana vibanda vya Mbale, njiani kuelekea Kisumu. Kwa hiyo simu ilikuwa mikononi mwa Gentrix, na ni yeye aliyekuwa akiikata.

Alijua kwa nini. Gentrix hakuwahi kumpenda. Mara ya mwisho alifika gerejini akasema mbele ya watu, "Fundi, kila mwezi wewe unamtafutia mume wangu kitu kipya cha kununua." Leo, akiona jina la fundi, angefikiri nini kingine?

Milcah aliibonyeza simu, akarekodi sauti. "Mama Mitchel, ni Milcah. Usikate. Mimi sitaki kitu. Nimefunga breki vibaya. Kosa ni langu. Mwambie mwalimu asishuke Kiboswa. Asimame. Nakuomba, msikizishe hii."

Akaituma. Kisha akafunga sanduku la spana nyuma ya pikipiki yake, akatupa jeki na chupa mbili za mafuta ya breki ndani ya mfuko, akavaa kofia. Hezekiah alikuwa bado amesimama na kioo chake kichwani.

"Umejimaliza," alisema.

"Basi," alisema Milcah, akaiwasha pikipiki kwa teke.

Alikuwa hajafika Khayega simu ilipoita kifuani. Aliegesha kando, akaipokea. Alikuwa Gentrix, na sauti yake ilikuwa juu.

"Umesema nini? Umesema breki zimefanya nini?"

"Mko wapi?"

"Tumepita Majengo. Titus anasema pedali ilianza kushuka tangu Chavakali, lakini wewe ulimwambia ni kawaida! Ulimwambia!"

"Weka sauti nje anisikie. Mwalimu! Mwalimu, unanisikia?"

"Nakusikia." Titus aliongea polepole mno. "Fundi, niko nyuma ya trela la miwa. Nimekanyaga sasa hivi, imefika chini."

Milcah alifumba macho. "Usizime injini. Hata ifanye nini, usizime. Piga pedali haraka haraka, mara nne, mara tano, usibonyeze mara moja tu. Inapanda?"

Sauti ya upepo. "Inapanda kidogo."

"Endelea kuipiga hivyo hivyo. Sasa sukuma gia upande wa kubadilisha kwa mkono, ushuke moja moja. Ya tatu. Usiogope ikinguruma. Ya pili. Breki ya mkono uivute taratibu, usiing'oe kwa nguvu, gari litageuka. Tafuta mahali panapopanda, au panapo mchanga, au ua wa miti. Usimfuate huyo wa trela mteremkoni, mwalimu!"

Alisikia injini ikilia juu. Alimsikia Mitchel akianza kulia, na Gentrix akiita, "Titus! Titus, pale! Pale kwa kokoto!" Halafu kishindo, kama gunia lililotupwa kutoka darini. Halafu simu ikakatika.

Alipiga. Haikuita. Alipiga tena, sauti ya mashine ikamwambia mteja hapatikani.

Safari ile kutoka Khayega hadi Kiboswa Milcah hakuweza kuisimulia vizuri baadaye. Alikumbuka tu kwamba aliendesha akihesabu magari yaliyokuwa yanakuja kutoka mbele, akitafuta nyuso za madereva, maana dereva aliyepita kwenye ajali huwa na uso wake. Mara moja gari la wagonjwa lilimpita likielekea huko huko, king'ora kinalia, naye akaongeza mwendo kulifuata. Lilikata kona Majengo likaenda zake upande mwingine. Aliendelea.

Aliwaona kabla ya Kiboswa. Subaru ilikuwa imezamisha pua ndani ya rundo la kokoto za mtu aliyekuwa anajenga, bampa limepasuka katikati, moshi mwembamba unatoka kwenye magurudumu ya mbele. Watu walikuwa wameizunguka. Gentrix alikuwa ameketi kwenye nyasi, Mitchel mapajani mwake, mtoto analamba vidole. Hakuna damu. Milcah aliangalia mara mbili. Hakuna damu.

Alishuka, akavua kofia. Titus alimjia. Alikuwa mtu mpole, mtu wa miwani na kalamu mfukoni, na sasa midomo yake ilikuwa nyeupe.

"Nataka kujua kitu kimoja," alisema. "Jana nilikuuliza. Ulikuwa unajua?"

Watu walisogea wasikie. Milcah angeweza kusema hakujua. Angeweza kusema mafuta yalikuwa mabovu, na nani angemkatalia?

"Nilijua haiko sawa," alisema. "Sikujua ni nini. Nilikuwa nimechoka, na sikutaka uone nimeshindwa. Nikakudanganya."

Gentrix alicheka kicheko kisicho na furaha. Titus alivua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha.

"Nimekuja kuzigeuza," Milcah alisema. "Ukitaka fundi mwingine nitamwita, nitamlipa. Lakini kuzigeuza itachukua saa moja, na nitakuonyesha kila kitu ninachofanya."

"Hapa?"

"Hapa. Hili gari haliwezi kwenda popote hivi."

Titus alimtazama mkewe. Gentrix alitazama barabara iliyokuwa inaanza kuinama mbele yao. "Afunge," alisema hatimaye. "Ila usimwache peke yake na hiyo gari hata dakika moja."

Vijana walisaidia kulivuta gari nyuma na kuegemeza mawe kwenye matairi. Milcah aliinua upande mmoja, akasubiri chuma kipoe, akafungua. Alikwaruza rangi nyekundu kwa bisibisi hadi herufi ikatokea, akamwita Titus aione. R. Herufi ya kalipa ya kulia, nayo ilikuwa upande wa kushoto. Titus aliinama, akaigusa kwa kidole, akatikisa kichwa. Milcah akafungua na ya pili, akazibadilisha, kila moja ikakaa upande wake.

Kutoa hewa kunahitaji watu wawili, mmoja kwenye pedali, mwingine chini kwenye skrubu. Hapakuwa na mwingine anayelijua gari lile.

"Ingia, mwalimu," Milcah alisema kutoka chini. "Nikisema kanyaga, kanyaga na ushikilie. Usiachie mpaka niseme."

Mlango ulifungwa.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

Alilegeza skrubu. Hewa ilitoka ikikoroma ndani ya mrija mwembamba wa mpira, mapovu makubwa, mengi kuliko alivyotarajia. Alikaza. "Achia. Kanyaga tena."

"Nimekanyaga."

Walifanya hivyo mara kumi na tano upande ule, mara kumi na mbili upande wa pili, hawaongei neno lingine. Jua lilipanda. Mafuta yalimwingia Milcah kwenye mchubuko wa kiwiko yakamchoma, naye hakuacha. Kuelekea mwisho alisikia sauti ya Titus imebadilika. "Imekaza," alisema. "Fundi, imekuwa ngumu kama jiwe."

Milcah alifunga magurudumu, akakaza nati moja moja, akazirudia. Alipoinuka, Gentrix alikuwa amesimama mlangoni mwa gari, mtoto begani.

"Mimi na Mitchel tunabaki hapa," alisema. "Nyinyi mkashuke mpaka chini, mrudi. Wewe fundi ukae mbele."

"Mama Mitchel..." Titus alianza.

"Akae mbele. Kama amefunga vizuri anaogopa nini?"

Milcah aliingia bila kujibu, akafunga mkanda. Titus aliwasha. Waliondoka polepole, wakapita vibanda vya mwisho vya Kiboswa, na mara barabara ikaanguka mbele yao, Kisumu yote ikiwa chini kule ndani ya ukungu wa joto. Lori lililobeba saruji lilikuwa mbele yao, linashuka kwa kujikongoja.

Titus alikanyaga. Gari likatii papo hapo, zito, sawasawa, bila kuvuta upande. Akaachia, likachukua mwendo, akakanyaga tena kwa nguvu, na mikanda ikawabana vifua. Milcah alikuwa ameshika mpini wa mlango. Hakuacha kuutazama mguu wa Titus. Kona ya kwanza. Ya pili. Harufu ya pedi zilizopata moto iliingia ndani, harufu ya kawaida, na pedali ilibaki juu.

Walipofika Mamboleo, Titus aliegesha. Mikono ilibaki kwenye usukani.

"Gari ni zuri," alisema Titus. "Hilo ndilo linaloniuma. Ni zuri kama ulivyosema."

"Bampa nitalilipa."

"Utalilipa." Aligeuka akamtazama kwa mara ya kwanza tangu kokotoni. "Ungengoja Jumatatu, fundi, ningekuwa hapa chini nimegonga watoto wa watu. Na usingenidanganya Ijumaa, tusingekuwa hapa kabisa. Sijui nikuweke upande gani."

Waligeuza gari, wakaanza kupanda kuwafuata Gentrix na mtoto.

Jioni ile Milcah aliandika kwenye ukurasa wa gereji kila kitu kama kilivyokuwa, na picha ya skrubu inayoangalia chini, ili fundi mwingine ajue. Hezekiah hakumsemesha kwa siku tatu. Wateja wawili walikuja kuchukua magari yao yakiwa yametengenezwa nusu. Jumatano Gentrix alipiga simu, sauti yake kavu.

"Mwalimu analeta gari kesho kwa ajili ya bampa," alisema. "Nitakuja naye. Nitasimama hapo hapo mpaka umalize."

"Karibu, Mama Mitchel," alisema Milcah, akaenda kutafuta kiti cha kumwekea.